Somo la Afya: Kansa ya Umio na Utando Ulio Chini ya Chembe

Leo tutajifunza habari za kansa ya umio. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: UMIO, CHEMBE, UTANDO.

Umio ni njia ya chakula itokayo kooni mpaka tumboni. Kwa mtu mzima urefu wake ni kiasi cha sentimeta 25. Upande wa ndani umefunikwa na chembe hai ndogo sana, tabaka juu ya tabaka. Chini ya chembe hizo umetandazwa utando mwembamba mno, usioonekana kwa macho. Utando huo umefumwa kwa protini, kama vile kolajeni na laminini.

Fikirini mtama ulioanikwa juu ya jamvi. Punje za mtama ndizo chembe. Jamvi ndilo utando. Udongo ulio chini ya jamvi ndio nyama ya umio, yenye mishipa ya damu na mishipa ya limfu.

Wakati mwingine chembe huharibika, zikaanza kuongezeka bila mpango. Ubovu huo huanzia chini, karibu na utando, kisha hupanda juu. Lakini maadamu utando haujatobolewa, chembe mbovu zimezuiliwa. Hiyo bado si kansa iliyoenea. Ni hali inayoweza kuelekea kwenye kansa. Mtama ungali juu ya jamvi, na mwenye mali aweza kuukusanya. Daktari naye aweza kuiondoa sehemu ile mbovu kwa vyombo vinavyopitishwa mdomoni.

Je, jamvi likitoboka? Chembe za kansa hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha utando. Madaktari wakitia rangi maalum na kutazama kwa darubini, huona mstari wa utando umekatika hapa na pale, na mahali pengine umetoweka kabisa. Punje zimeangukia udongoni, nazo zitaota. Mishipa huzichukua mpaka kwenye matezi, ini na mapafu. Hapo matibabu huwa magumu.

Sikilizeni vizuri sasa. Utando ukiwa mzima, kwa kawaida mtu hasikii maumivu yo yote. Chakula kinapoanza kukwama, mara nyingi utando umekwisha kutobolewa siku nyingi. Basi twawezaje kujua mapema?

Daktari hupitisha mpira wenye taa ndani ya umio, akanyunyiza dawa ya ayodini. Chembe nzima zina akiba ya wanga, hivyo hugeuka rangi ya kahawia. Zilizoharibika hubaki na weupe. Hapo hukata kipande kidogo kikapimwe kwa darubini. Kusini-magharibi mwa Kenya, katika sehemu za Bomet ambako ugonjwa huu ni mwingi, watu wazima 305 wasio na dalili yo yote walipimwa hivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: watu 44 kati yao walikuwa na chembe zilizoharibika. Wote walijiona wazima.

Tufanye nini? Tuache tumbaku. Tuache pombe. Chai na uji tuviache vipoe kidogo, kwa maana mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa lilitangaza kwamba vinywaji vyenye joto linalozidi digrii 65 yaelekea huleta kansa ya umio. Na mtu akiona tonge linakwama, asingoje mpaka ashindwe kumeza hata maji. Aende hospitali upesi, na kama upimaji upo karibu, asingoje hata dalili hiyo. Mwenye busara hukagua jamvi kabla mtama haujamwagika.

Maswali ya darasa:

1. Utando una kazi gani?
2. Kwa nini mgonjwa hachelewi kwa uzembe tu?
3. Ayodini humsaidiaje daktari?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.