Babu Yako Alizaliwa Wapi? Hotuba Yangu kwa Vijana wa Tabora

Taifa la Wote! (Maslahi ya Wote!)

Nimepewa dakika chache, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mwaka jana nilikaa kwenye benchi la ofisi moja, siitaji, mkononi nina cheti changu cha kuzaliwa na cha mama. Afisa akasoma fomu mpaka kwenye kabila: Mmanyema. Akanitazama. "Babu yako mzaa baba alizaliwa wapi?" Nikamjibu, hapa hapa Tabora. "Na baba yake?" Nikanyamaza. Jamani, humu ndani nani ana karatasi ya baba wa babu yake? Nikaambiwa nikajipange, halafu nirudi.

Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa, ikaenda Ujiji na kuvuka ziwa. Wamanyema walikuja kwa njia hiyo, wengine kwa hiari yao, wengine wakiswagwa kama watumwa. Mjerumani hajafika bado, mpaka wa Congo haujachorwa. Na njia hiyo ilikuwa na kwenda na kurudi! Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa huku kwetu Unyamwezini, alikwenda Katanga akajenga ufalme wake, makao yakawa Bunkeya, mpaka alipouawa na watu wa Mfalme Leopold mwaka 1891. Watu wake wapo Congo hadi leo, ndio Wayeke. Sasa na wao waambiwe warudi Tabora?

Tulipopata Uhuru, sheria ya uraia haikuuliza kabila. Iliuliza kama ulizaliwa Tanganyika na kama mzazi wako, hata mmoja tu, alizaliwa hapa. Basi.

Halafu kuna ndugu zetu wa Ulyankulu. Wazazi wao walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, wakapewa pori, wakalifyeka, wakalima. Serikali ikakubali kuwapa uraia wao na wenzao wa Katumba na Mishamo, watu kama 162,000. Hapo naisifu serikali ya CCM, msinizomee, ni nchi chache zimefanya hivyo. Lakini walishaukana uraia wa Burundi, na vyeti vikakaa miaka, mpaka Oktoba 2014 Rais Kikwete alipoanza kuvigawa. Miaka yote hiyo mtu si Mrundi wala si Mtanzania. Atasaini nini huyo? Siku hizi bila namba ya kitambulisho cha taifa hata laini ya simu husajili.

Na sisi wenyewe tusijifanye watakatifu. Kijiweni mtu akikushinda hoja unamwita Mkongo. Mwenzako akitaka kugombea uongozi wa kijiji, unanong'ona "yule si wa hapa", na ulicheza naye chandimu tangu mtoto.

Ninachotaka kiingie kwenye ilani yetu ni kitu kimoja. Ofisi ikitilia shaka uraia wa mtu aliyeleta vyeti, yenyewe ndiyo ilete ushahidi, iandike sababu kwenye barua, na barua iwe na siku ya mwisho ya kutoa jibu. Siyo "kajipange".

Nina daftari hapa. Kama na wewe uliambiwa urudi bila kupewa barua, tukitoka nione pale mlangoni. Andika tarehe na swali uliloulizwa, jina si lazima. Ukurasa wa kwanza nimeandika langu.