Wanafunzi wa sheria walipiwe, waje Ozi

Wazee wetu, mama zetu, vijana wenzangu wa Ozi, sitawaweka sana, jua lishakuwa kali.

Tuna watoto wetu wanaosomea sheria chuo kikuu. Likizo ndefu ikifika wanatakiwa wapate mafunzo ya kazi. Mwenye mjomba Nairobi anapata ofisi, analala kwa mjomba, anakula kwa mjomba. Wetu anarudi kulima. Si kwamba hana akili. Ofisi nyingi hazilipi, na basari, si mnajua, inapelekwa chuoni moja kwa moja. Haitoi nauli wala chakula.

Na kazi iko hapa. Maji ya bahari yanapanda mtoni, chumvi inaingia kwenye mpunga. Kule juu mto Tana umezibwa kwa mabwawa matano, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 mpaka Kiambere 1988. Nani ameandika chumvi ilifika lini, na shamba la nani? Tunasimulia tu barazani. Jaji hayuko barazani. Yeye anataka hati ya kiapo.

Kushinda kunawezekana. Delta hii hii, mradi wa miwa wa TARDA na Mumias ulifikishwa mahakamani, na Februari 2013 Mahakama Kuu ikaamuru mipango ya matumizi ya ardhi iandaliwe. Majirani zetu Lamu walipinga mtambo wa makaa ya mawe, leseni ikafutwa Juni 2019. Hoja kubwa ilikuwa nini? Kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Yaani mikutano: nani aliitwa, alipewa karatasi gani, aliambiwa nini. Hayo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuyaandika akiwa na daftari na simu yenye chaji. Tena leseni ya mazingira ikitolewa, rufaa ina siku 60. Habari ikitufikia siku ya 70, huenda tukaambiwa tumechelewa.

Mwanafunzi si wakili, hilo tusidanganyane. Hawezi kutusimamia kortini. Lazima awe chini ya wakili anayesoma kazi yake na kumsahihisha.

Kwa hivyo ombi tunalowapelekea wafadhili ni hili: wanafunzi wawili, miezi mitatu, walipwe nauli, chakula na posho, na wakae hapa Ozi, si ofisini Mombasa kwenye kiyoyozi. Mmoja atoke kwa wakulima, mwingine kwa wafugaji. Tuliyoyaona Delta mwaka 2012 yanatosha. Karatasi ya upande mmoja haitaaminiwa na upande wa pili. Na angalau mmoja awe msichana, maana kuna mambo ya maji na mashamba mama zetu hawatamwambia kijana wa kiume.

Malazi ni juu yetu. Mwenye chumba aache jina kwa katibu kabla ya swala ya Ijumaa, aseme pia kama kina neti.