Nani Anawapa Vijana Wetu Sauti ya Kuanzia?

(Maneno yaliyotolewa kwa vijana na wanakwaya katika juma la kuadhimisha yubile ya miaka 50 ya kwaya yetu)



Kamati ya yubile ilipokuja nyumbani kuniomba nizungumze, waliniambia mada ni "Kijana Mkristo na mtazamo wake wa ulimwengu". Nikawaambia hiyo ni mada ya chuo cha theolojia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, nimeimba besi miaka mingi na nimefundisha nyimbo. Katibu akacheka, akasema, "Mwalimu, wewe tusimulie tu habari ya pesa za kinanda." Basi nitasimulia hiyo. Mwenyewe yuko hapa, na ameniruhusu.

Miaka michache iliyopita tulichanga pesa za kununua kinanda kipya. Wakumbuka wanakumbuka: kila mtu shilingi mia mbili kwa mwezi, akina mama wakauza chapati na maandazi baada ya ibada. Pesa ziliwekwa kwenye simu ya kijana mmoja wa sauti ya tatu, mtunza hazina wa vijana, mtoto mwaminifu ambaye hakuna aliyemtilia shaka. Zilifika Sh38,000. Siku ya kwenda dukani simu ilikuwa na shilingi sitini. Wikendi tatu zilikuwa zimetosha. Zote zilikwenda kwenye kamari ya mpira.

Kikao kilikuwa kirefu, na sitaki kukirudia. Wako waliosema apelekwe polisi. Mimi nilitumwa kwenda kuzungumza naye nyumbani kwao. Nilikwenda na maneno makali mdomoni, maneno ya mwalimu, mnayajua. Nikamkuta ameketi nyuma ya jiko, hajala siku mbili. Nikamuuliza, "Mwanangu, ulipokuwa unafanya haya, Mungu alikuwa wapi akilini mwako?" Akaniambia, "Mwalimu, nilikuwa naomba. Kila mkeka niliuombea. Nilimwahidi Mungu fungu la kumi."

Nilitaka kumkemea, lakini aliendelea. Akanikumbusha mkutano wa injili uliofanyika uwanjani mwaka uliotangulia, mhubiri mgeni aliposema kila mwenye shida apande mbegu ya shilingi elfu moja, kisha ahesabu siku hadi mavuno. Watu walipanga foleni na bahasha. Akaniuliza, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, kati ya kutuma elfu moja kule na kutuma elfu moja kwenye kamari, tofauti ni nini? Kote wanasema uwe na imani. Kote wanakuahidi zaidi ya ulichotoa. Kote wanatusomea ushuhuda wa walioshinda, na waliokosa hawasomwi."

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Kwa sababu wakati watu wale wanapanga foleni na bahasha, kwaya iliyokuwa ikiimba ni hii yetu. Na aliyetoa do siku hiyo ni mimi.

Sasa hapo ndipo mada ya kamati inapoingia. Wanakwaya mnajua kazi ya do. Kabla hatujafungua mdomo, mwalimu anatoa sauti ya kuanzia, kila mmoja anachukua yake kutoka hapo. Ikiwa ile do imetolewa juu mno, tutaimba, na tutapatana sisi kwa sisi vizuri tu. Lakini tukifika pambio, sauti ya kwanza wanapiga kelele badala ya kuimba, na anayesikiliza atawalaumu wao. Kosa si lao. Kosa lilifanyika kabla ya neno la kwanza.

Mtazamo wa ulimwengu ndio ile do. Ni majibu ambayo mtu ameshayapokea kabla ya kufikiri: Dunia hii ni ya nani? Mimi ni nani ndani yake? Kitu gani kimeharibika, na nani atakitengeneza? Hakuna kijana anayeketi na kujiuliza maswali hayo kabla ya kutuma pesa kwa simu. Lakini kidole chake kimeshayajibu. Yule kijana wetu alikuwa akiimba sawasawa na sauti aliyopewa: kwamba Mungu ni mwenye bahati nyingi, anayezigawa kwa anayethubutu kuweka pesa mbele. Tulipomwona ameimba vibaya, tulimtazama yeye.

Marehemu Profesa John Mbiti, mwana wa Kitui aliyezaliwa mwaka 1931, aliyeandika mengi kuhusu dini za Kiafrika, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba kwa wazee wetu dini haikuwa jambo la siku moja wala la jengo moja. Mtu alikuwa nayo shambani, kwenye arusi, kwenye msiba, kila mahali. Katika kitabu hicho hicho alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza namna wazee walivyohesabu wakati. Kuna wasomi waliobishana naye sana juu ya hilo la wakati, na sitaingia huko. Lakini lile la kwanza naliona kweli kila siku. Tulipopokea Injili, wengi wetu tulipata ibada ya Jumapili, tukaacha Jumatatu hadi Jumamosi chini ya do nyingine. Wazee wetu wasingeelewa mtu mwenye dini ya siku moja.

Nendeni matangani mkasikilize. Mtu amekufa kwa ajali ya barabarani. Kwenye kiti hiki wanasema, "Siku yake ilikuwa imefika." Kwenye kiti cha pili wananong'ona kuhusu shangazi fulani na mkono wa mtu. Kwenye cha tatu fundi wa magari anasema breki zilikuwa zimekwisha na mwenye gari aliambiwa. Jioni watu hao hao wote wanaimba pamoja kwamba Yesu ni Bwana. Na kila jibu lina matokeo yake. Anayesema siku imefika hatamshitaki mwenye gari. Anayesema mkono wa mtu, kesho kuna mama mzee atakayefukuzwa kwake. Anayesema breki peke yake anaweza kusahau kwamba marehemu alikuwa mtu mbele za Mungu. Mkristo anaruhusiwa kuomba, kulia, na kuuliza habari za breki. Nasema anaruhusiwa; ningesema anadaiwa.

Na ninyi mnaosafiri na matatu: dereva anapopita gari jingine kwenye kona, abiria kumi na wanne wamenyamaza. Kwa nini tunanyamaza? Wengine ni woga. Lakini wengi tumeamini moyoni kwamba kama si siku yangu, si siku yangu. Hilo si fundisho la kanisa hili. Hata hivyo tunaliamini kwa mwendo wa kilomita mia kwa saa.

Vijana, simu nayo ni mwalimu wa kwaya, na haiendi likizo. Inawapa do asubuhi kabla hamjaamka vizuri. Inasema fuata moyo wako, wakati nabii Yeremia, katika sura ya 17, alituonya kwamba moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote. Inasema kila mtu na ukweli wake. Inasema mtu ni anachovaa na mahali alipopigia picha. Nimemwona binti mwenye akili, aliyepata alama ya D katika mtihani wa kidato cha nne, akijifungia chumbani wiki mbili kwa sababu alikuwa ameamini, na sisi wazazi tulisaidia kumwaminisha, kwamba D ni jina lake. Mwanzo sura ya kwanza inasema mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Tulimfundisha mstari huo akiwa shule ya Jumapili. Matokeo yalipotoka, hakuna aliyeukumbuka, mimi nikiwa mmoja wao.

Msije mkadhani nasema mfunge masikio. Kuna waliofanya hivyo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na watoto wengi walikuwemo. Walikuwa watu wa kuimba na kuomba kama sisi. Walikuwa wameaminishwa kwamba shule na hospitali si vya Mungu, kwamba dunia hii ni ya kukimbiwa, na kwamba kufunga chakula hadi kufa ni njia ya kumlaki Yesu. Hawakuanza na kufa njaa. Walianza na sauti ya kuanzia, wakaifuata kwa uaminifu hadi mwisho, na hakukuwa na mtu wa kuinua mkono na kusema, "Mwalimu, hii do umeikosea."

Mtazameni Danieli, sura ya kwanza. Alipelekwa Babeli akiwa kijana, akapewa jina geni, akafundishwa lugha na vitabu vya Wakaldayo. Alisoma, na akafaulu kuliko wenzake wote. Lakini kwenye meza ya mfalme alikataa. Kujua mahali pa kusoma na mahali pa kukataa, huo ndio ujuzi tunaoutaka kwenu. Paulo naye kule Athene, Matendo 17, alitembea kwanza akaangalia madhabahu zao, akabishana na Waepikureo na Wastoiko akijua wanachoamini. Hakuwaogopa, wala hakuwaimbia tu pambio.

Sasa nirudi kwa swali la kijana wetu, maana nilikaa nalo miezi. Jibu nililipata katika neno ambalo tumelichapisha kwenye jalada la kijitabu hiki na kwenye sare zetu: yubile. Someni Mambo ya Walawi 25. Mwaka wa hamsini tarumbeta inapigwa, aliyeuza shamba analirudishiwa, aliyejiuza kwa sababu ya deni anarudi kwa jamaa zake. Na sababu imeandikwa pale: nchi ni ya Mungu, na watu ni wageni wake. Hiyo ndiyo do. Ikiwa shamba si langu, basi sadaka yangu si mtaji wa kumkopesha Mungu ili anilipe na riba. Ni mali yake inayorudi kwake. Na jirani yangu aliyeanguka si nafasi yangu ya kununua kwa bei nafuu.

Hapo ndipo kamari na ile mbegu ya uwanjani vinapokuwa wimbo mmoja. Katika kamari, pesa anazochukua mshindi ni zile walizopoteza wengine, baada ya mwenye mchezo kutoa lake. Ukiomba ushinde, unaomba maelfu ya vijana wenzako wapoteze, wengine wakiwa wameweka karo. Katika ile mbegu, anayevuna kwanza ni aliyeshika kikapu. Ningemjibu hivyo kijana wetu siku ile kama ningejua. Nilimjibu baadaye, nikamwomba pia msamaha kwa ajili ya wimbo ule wa uwanjani. Wazee wengine hawakupenda nifanye hivyo. Walisema mkubwa hamwombi mdogo msamaha, atapanda kichwani. Huo nao ni mtazamo wa ulimwengu, na nauheshimu kwa sababu baba yangu alikuwa nao, lakini sikuutoa katika Injili.

Kijana alianza kulipa. Alichunga ng'ombe wa watu, akaosha magari, akaleta shilingi mia tano, mia tatu, mwezi mwingine hakuna. Kinanda tulinunua kwa njia nyingine. Mwezi uliopita kamati ilihesabu ikakuta bado anadaiwa Sh11,400. Mjumbe mmoja, mama wa sauti ya pili ambaye alikuwa ameuza chapati nyingi kuliko wote, akauliza, "Sasa hii yubile tunayoimba, tarehe yake ni lini?" Deni lilifutwa jioni hiyo, na karatasi ikachanwa mbele yake. Aliomba hata hivyo aruhusiwe kulipia betri ya kipaza sauti, tukamruhusu.

Ninachoomba kwa vijana ni kitu kidogo. Baada ya yubile, kila Alhamisi tukimaliza mazoezi, tutabaki nusu saa. Kila mmoja alete jambo moja alilosikia wiki hiyo: maneno ya kondakta, video ya simu, mahubiri ya redio, hata mahubiri ya hapa, na Mchungaji amesema hatakasirika. Tutaliuliza yale maswali: linasema dunia ni ya nani, mimi ni nani, na nani atatengeneza kilichoharibika. Kisha tutafungua Biblia. Nyimbo zetu nazo tutazipitia, kuanzia tulizotunga wenyewe, maana nakumbuka ubeti mmoja niliouandika mimi ambao leo siwezi kuutetea. Wazazi mnakaribishwa, ila mkae nyuma na mnyamaze kidogo.

Tutaanza saa kumi na mbili jioni. Leteni Biblia na daftari. Chai itakuwepo, na ile sufuria kubwa ya kwaya iliyoazimwa tangu Pasaka tafadhali irudishwe kabla ya siku hiyo.