Mapatano ya Mwenye Njaa

Leo twasema juu ya barua ya Papa Leo wa 13, Rerum Novarum, ya tarehe 15 Mei 1891. Watu wa siasa wanaopenda mambo yakae kama ya zamani huisifu sana, na wana sababu. Papa aliikataa siasa ya ujamaa, akasema mtu ana haki ya kuwa na mali yake, na ya kwamba nyumba ya mtu ilikuwako kabla ya serikali. Hayo yamo, hatuyafichi.

Lakini wakifika hapo hufunga kitabu! Sisi twaendelea. Mbele kidogo Papa asema kuwa tajiri na mfanya kazi wakipatana mshahara, mapatano peke yake hayatoshi. Mshahara lazima umtoshe mtu asiye mpotevu kuishi. Akikubali kidogo kwa shida, au kwa kuogopa baya zaidi, mtu huyo ameonewa. "Si ulitia dole gumba mwenyewe?" Maneno hayo tumeyasikia mara ngapi? Jawabu lake ndilo hilo. Tena barua yasema wafanya kazi wana haki ya kuunda vyama.

Miaka 2 kabla yake, 1889, makuli wa bandari ya London waligoma wakidai peni 6 kwa saa. Kadinali Manning, mzee wa miaka 81, aliwaendea matajiri, kisha makuli, akasema nao mpaka wakapatana. Peni 6 zikalipwa tangu Novemba.