Kifua Kinapolia Filimbi: Pumu na Mzio kwa Watoto wa Shule

Hotuba ya afisa wa afya kwa wazazi na walimu, Kithyoko

 

Nina swali moja. Ni nani kati yenu ana mtoto anayekohoa usiku, au anayeshindwa kumaliza mbio na kifua kinalia filimbi? Naona mikono mingi. Sishangai.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, Ng'ang'a na wenzake walipima pumzi za watoto wa shule za msingi za Nairobi na Murang'a, kabla na baada ya kukimbia. Nairobi, karibu watoto 23 kati ya 100 mirija yao ya hewa ilibana baada ya mbio. Murang'a mashambani, walikuwa 13 kati ya 100. Murang'a ni jirani zetu, na ni wakulima kama sisi. Kwa hivyo, mtu asituambie kwamba pumu ni ugonjwa wa watu wa mjini. Ukichukua hesabu hiyo ya Murang'a, darasa la watoto 40 linaweza kuwa na watano wa namna hiyo.

Utafiti mwingine wa kimataifa uliwauliza wanafunzi wa miaka 13 na 14 wa Nairobi na Eldoret kama vifua vyao vimelia filimbi katika miezi 12 iliyopita. Waliporudi kuuliza tena baada ya miaka kadhaa, idadi ilikuwa imepanda kote kuwili. Eldoret ilitoka karibu 10 hadi karibu 14 kati ya 100.

Pumu ni nini? Ni mirija ya mapafu kuvimba na kubana. Haiambukizi, wala si laana. Mara nyingi hufuatana na mzio, yaani aleji: kupiga chafya kila asubuhi, macho kuwasha, ngozi yenye ukurutu. Vichochezi tunaishi navyo: moshi wa kuni katika jikoni lisilo na dirisha, vumbi la kiangazi, chavua mvua inapoanza, baridi ya Julai, moshi wa sigara, na hata vumbi la chaki.

Kinachonisumbua zaidi ni mzazi anayeniambia, "Daktari, sitaki inhela, itamzoesha mtoto." Jamani, inhela haizoeshi. Dawa inakwenda moja kwa moja kwenye mapafu, kwa kiasi kidogo kuliko tembe. Kuna ya kufungua kifua haraka, na kuna ya kuzuia uvimbe, ambayo hutumiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima. Mzazi akiiacha hii ya pili kwa sababu mtoto "amepona", ndipo tunampokea usiku wa manane akihema.

Kama huna kifaa cha kuvutia dawa, chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita, toboa tundu kwenye kitako litoshee mdomo wa inhela, na mtoto avute kupitia mdomo wa chupa. Madaktari wa Afrika Kusini walijaribu chupa hiyo na kuona inafanya kazi vizuri. Njoo kituoni tukuonyeshe.

Walimu, mtoto akishikwa, msimlaze. Akae wima. Mpe mpulizo mmoja wa dawa ya kufungua kifua, apumue mara nne kupitia chupa, kisha mwingine, hadi kumi. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani au midomo ikibadilika rangi, msisubiri mzazi afike. Tafuteni gari mara moja, na mwendelee kumpa dawa njiani.

Tena, msimwadhibu kwa kutokimbia, wala msimfungie kucheza. Akitumia dawa vizuri, atakimbia na wenzake.

Naomba mambo matatu tu. Mzazi, mwambie mwalimu mtoto wako ana pumu. Mwalimu, inhela isifungiwe ofisini, ikae anapoifikia. Na nyumbani, tufungue dirisha la jikoni, kuni ziwe kavu, na mtoto asilale penye moshi.

Mtoto anayekohoa usiku kucha hasikii somo asubuhi. Mlete kituoni kabla hajazidiwa.