TUSILIACHE VAZI LA NGOMA LIPOTEE

(Mazungumzo na wanakisomo wa Kaagya, Bukoba)

 

Leo nataka tuzungumze juu ya vazi la ngoma. Juzi vijana wetu walicheza kwenye sherehe. Walicheza vizuri sana. Lakini viunoni walikuwa wamefunga nyuzi za magunia ya nailoni! Mzee mmoja akaniuliza, "Je, hawa ni watoto wa nani?" Nikakosa jibu.

Wazee wetu walivaa lubugo. Lubugo ni gome la mti wa jamii ya mkuyu. Fundi hukata gome juu na chini, hulipasua kwa urefu, kisha hulibandua polepole. Shina lililobaki wazi hulifunga kwa majani ya mgomba. Mti haufi, ila huota gome jipya. Lile gome hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifereji mpaka litanuke na kulainika. Likianikwa juani, linakuwa jekundu kama udongo.

Sketi za ngoma nazo zilikuwa za nyuzi za majani ya mwale. Mchezaji akitikisa kiuno, nyuzi zinatikisika naye. Hata aliyesimama mbali anaona mwendo wa ngoma.

Basi, vitu hivi vilikwenda wapi? Kahawa ilileta fedha, na fedha ikaleta amerikani. Watu wakaona lubugo ni nguo ya washamba. Utawala wa machifu ukaondolewa mwaka 1963. Zamani, mbele ya Mukama, shujaa alishika mkuki akatoa majigambo, yaani ebyebugo. Siku hizi ni wachache wanaoyajua.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alituonya tusijue kucheza dansi za wageni huku gombe sugu na lele mama hatuzijui. Majirani zetu wa Uganda wamelitunza lubugo lao, na mwaka 2005 UNESCO ililitambua kuwa urithi wa dunia nzima.

Sasa tufanye nini? Kwanza, tusikate ovyo miti ya lubugo, tupande mingine. Pili, ninyi mnajua kusoma na kuandika. Chukueni daftari, nendeni kwa wazee. Waulizeni gome linabanduliwaje, na sketi inasukwaje. Andikeni.

Gome hubanduliwa mti ukiwa hai. Mzee naye huulizwa akiwa hai.