Kabla Hatujanunua Dume la Usharika

Maneno ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwa kamati za sharika na wahisani, Mlandege, Iringa



Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa madume ya Holstein. Huyu ni ng'ombe yule yule mweusi na mweupe tunayemwita Friziani. Asili yake ni Uholanzi na kaskazini ya Ujerumani, na Holstein ni ukoo ulioendelezwa zaidi Marekani na Kanada, ukawa na umbo kubwa na maziwa mengi. Kwetu Nyanda za Juu Kusini si mgeni. Shamba la serikali la Kitulo, kule Makete, limefuga Friziani kwa miaka mingi, na wengi wenu mna chotara wake bandani.

Kamati kadhaa zimeleta maombi ya kununuliwa dume la kikundi. Naomba kabla hatujafika kwenye bei tufuatilie safari ya ndama mmoja katika mradi wetu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Mama wa kwanza anapewa mtamba. Mtamba anapandishwa na dume la kikundi, anazaa ndama jike, na kwa mujibu wa mkataba ndama huyo anakwenda kwa jirani. Jirani anamtunza vizuri, anakua, anaingia kwenye joto, na jirani anampeleka kupandishwa. Wapi? Kwa dume lile lile la kikundi, ambalo ni baba yake mzazi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ng'ombe amebadilisha mikono, na ukoo wake haukuandikwa popote. Utaratibu huu tunaojivunia, wa kumpa jirani, ndio unaoficha udugu wa damu kuliko ufugaji wa mtu mmoja mmoja, maana mwenye ng'ombe wake mwenyewe angalau anakumbuka nani alimzaa nani.

Binti akipandishwa na baba yake, wataalamu hupima udugu wa ndama huyo kuwa asilimia 25. Ndama wa namna hii mara nyingi huzaliwa dhaifu, hukua polepole, na akiwa jike hushika mimba kwa taabu na maziwa yake hupungua. Mfugaji atalaumu majani, atalaumu dawa, mwisho atalaumu mradi. Na hesabu yake si ngumu. Mimba ni miezi 9, na mtamba aliyelishwa vizuri huanza kuonyesha joto akikaribia mwaka mmoja. Kwa hiyo dume lolote likikaa mahali pamoja miaka miwili, binti zake wameshamfikia.

Mtauliza, je, wenzetu wenye kompyuta na maabara hawapatwi na haya? Wamepatwa. Mwaka 1962 huko Marekani alizaliwa dume la Holstein lililoitwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Mabinti zake walikuwa na maziwa mengi mno, basi mbegu zake na za wanawe zikaenea duniani kote. Mwaka 2011 watafiti waligundua katika Holstein kasoro ya urithi ambayo ndama akiipata kwa baba na kwa mama hufia tumboni, na chanzo chake kikafuatiliwa hadi kwa Chief. Watafiti walikadiria mimba zilizopotea kuwa kama 500,000. Haki ya Chief pia isemwe: faida ya maziwa aliyoleta ilizidi hasara hiyo kwa mbali. Lakini tangu hapo dume la mbegu hupimwa kasoro za namna hiyo, na majibu huandikwa kwenye kadi yake. Dume la mnadani halina kadi.

Sasa, kadi hiyo tuisomeje? Wengi hukimbilia namba ya maziwa. Mimi nasema hiyo isomwe baadaye. Namba hizo hutoka kwenye mashamba ambako ng'ombe mmoja hutoa zaidi ya lita 10,000 kwa mwaka, na hula pumba, mashudu na nafaka kwa mizani. Binti wa dume hilo akifika Mlandege akapewa mabingobingo yaliyokomaa na ndoo moja ya maji, zile lita hazitaonekana. Kitakachoonekana ni mwili mkubwa usioshiba, unaokonda baada ya kuzaa na kukaa muda mrefu bila joto. Kwa hiyo ulizeni kwanza: mabinti zake wanashika mimba kwa urahisi? Kiwele kimeshikamana vizuri na mwili, au kinaning'inia mpaka kinapigwa na magoti? Kwato na miguu zinahimili sakafu ya banda? Na ndama wake wana ukubwa gani wakati wa kuzaliwa? Hili la mwisho halina mjadala. Mtamba mdogo wa chotara akipewa mbegu ya Holstein mwenye ndama wakubwa, mnaweza kupoteza mama na mtoto usiku mmoja. Kwa uzao wa kwanza wa mtamba wa namna hiyo, mbegu ya Jersey ni salama zaidi, hata kama ndama wa kahawia hapendezi machoni pa wageni.

Kwa sharika za hapa mjini na zilizo kando ya barabara kuu, msimamo wangu ni uhimilishaji. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kipo Usa River, Arusha, na mbegu husafirishwa ndani ya naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mfugaji akiona joto asubuhi, ng'ombe ahimilishwe jioni ya siku hiyo. Akiona jioni, iwe asubuhi inayofuata. Dume la mwaka ujao likawa lingine, bila kulijengea banda wala kulikatia kama kilo 60 za majani kila siku. Nawaomba wahisani wetu mnivumilie hapa. Dume hupendeza kwenye picha, mtungi wa naitrojeni haupendezi, lakini mtungi ndio ninaouombea fedha.

Kule milimani ambako mhimilishaji hafiki kwa wakati, sitawakataza dume. Joto likipita mnangoja siku 21 nyingine, na maziwa ya siku hizo hayarudi. Ila litoke shamba lisilo na undugu na mitamba tuliyogawa, lipimwe ugonjwa wa kutupa mimba kabla ya kuguswa na ng'ombe yeyote, na kabla ya miaka miwili libadilishwe na la usharika mwingine, likipimwa tena. Kamati isiyoweza kuahidi hayo, ombi lake nitalirudisha.

Kadi za kumbukumbu ziko kwa karani pale mlangoni. Zina nafasi ya jina la baba, jina la mama, na babu wa upande wa mama. Chukueni moja kwa kila ng'ombe, si moja kwa kila kikundi, na ndama akihamia kwa jirani, kadi iende naye siku hiyo hiyo.